Kiharusi Kinachoanzia Kifuani: kwa wanaoanza kazi kitengo cha dharura

Mkono na mguu wa kushoto vimelegea, mdomo umepinda, fahamu anazo, presha 94/60. Ukipokea mgonjwa wa namna hii, usikae sana kwenye mdomo wala mguu. Rudi kwenye ile presha. Aliyepata kiharusi cha kawaida mara nyingi huletwa presha ikiwa juu, wakati mwingine hata 180 au 200, kwa sababu mwili wenyewe huipandisha ili damu isukumwe mpaka penye ubongo unaoikosa. Presha ya chini kwa mtu aliyepooza saa moja iliyopita inadai maelezo, na mojawapo ya maelezo hayo ni kuchanika kwa aota, ule mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni. Tena huenda presha yake ya kweli ni 170, ila umeufunga mkanda kwenye mkono ambao mshipa wake umezibwa na hujajua.

Haya yameandikwa kwa ajili yako unayeanza: daktari intani, tabibu, nesi wa mapokezi ya dharura. Darasani ulifundishwa kwamba aota ikichanika mgonjwa hushika kifua na kulia kwamba anapasuliwa mgongoni. Wako wengi wa hivyo, na hao si rahisi kukupita. Watakaokupita ni wanaoingia kwa mlango wa neva: kiharusi, kuzirai, miguu iliyokufa ghafla, sauti iliyokwaruza, mtu anayeuliza swali lilelile kila dakika mbili. Na hawa si wachache kama unavyodhani. Katika uchambuzi wa wagonjwa 102 uliochapishwa 2007, wote wakiwa wamechanika aota inayopanda (kipande cha kwanza kinachotoka moyoni), 30 walianza na dalili za neva, na kati ya hao 30 ni theluthi mbili tu waliosema habari ya maumivu ya kifua. Kwa nusu yao dalili zenyewe zilikuja zikaondoka.

Damu inavyopotea njia

Ukuta wa aota una tabaka tatu. La ndani likipata ufa, damu inayosukumwa na moyo hupenya na kulichana tabaka la kati kwa urefu, kama unavyobandua ganda la mgomba kwenye shina: ukishapata pa kuanzia, linaendelea lenyewe. Sasa mshipa mmoja una njia mbili, njia ya kweli na njia ya uongo, na katikati yake kuna pazia la nyama linalopepea kila moyo unapodunda. Mpasuko ukihusisha aota inayopanda, huitwa aina A katika mpangilio wa Stanford, na tiba yake ni upasuaji wa haraka. Usipohusisha sehemu hiyo ni aina B, ambayo mara nyingi huanza kutibiwa kwa dawa. Makadirio ya miaka mingi ni kwamba aina A isiyotibiwa huua asilimia 1 hadi 2 ya wagonjwa kwa kila saa katika siku mbili za mwanzo. Kwa hesabu hiyo, nusu saa ya kusubiri majibu ya kreatinini, kipimo cha figo, si kitu kidogo.

Dalili za neva hutokea kwa njia tatu. Ya kwanza, pazia linaziba mdomo wa mshipa unaotoka kwenye aota, au mpasuko wenyewe unapanda ndani ya mshipa huo. Ya pili, presha ya mwili mzima inaanguka kwa sababu damu imevujia kwenye mfuko wa moyo au vali ya aota imeachia. Ya tatu, aota iliyovimba inabana neva iliyo jirani. Ukizishika hizi tatu, dalili zinazoonekana kama mkusanyiko wa vioja zitaanza kukaa kwenye ramani.

Pazia hilo halitulii. Linaziba, linaachia, linaziba tena. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kufika hawezi kuinua mkono, baada ya dakika 20 akakusalimia kwa mkono uleule, halafu akalegea tena akiwa kwenye foleni ya picha ya CT. Usiandike kwenye faili kwamba ni kiharusi kidogo kilichopita ukafunga hesabu. Kupona haraka hakumtoi mtu kwenye orodha ya aota.

Kupooza upande mmoja

Tawi kubwa la kwanza kutoka kwenye upinde wa aota (pale inapokunja baada ya kupanda) ndilo linalogawanyika kuupelekea damu mkono wa kulia na upande wa kulia wa shingo na ubongo. Kwa kuwa liko karibu zaidi na aota inayopanda, ndilo linaloguswa mara nyingi. Ubongo wa kulia unaongoza mwili wa kushoto, kwa hiyo sura yake ni hii: kupooza kushoto, mapigo dhaifu mkono wa kulia. Ukikuta viwili hivyo kwa mtu mmoja, simamisha kila kitu kingine. Mkono wa kushoto haufanyi kazi kwa sababu ya ubongo. Mkono wa kulia una nguvu zake lakini hauna damu ya kutosha. Mchanganyiko huo ni vigumu sana kuueleza kwa kiharusi cha kawaida.

Kipimo chenyewe ni cha mikono yako, na wengi wanakifanya nusunusu. Simama upande wa kichwa, shika vifundo vyote viwili vya mikono kwa wakati mmoja, vidole vitatu kila upande, usikilize mapigo 20 bila kuzungumza na mtu. Unatafuta mambo mawili: upande mmoja kuwa dhaifu, au mapigo ya upande mmoja kuchelewa. Kisha gusa mishipa ya shingo, mmoja baada ya mwingine, kamwe si yote miwili kwa pamoja. Shuka kinenani pande zote mbili, malizia juu ya nyayo. Baada ya hapo pima presha mikono yote miwili kwa mkanda uleule, mmoja mara baada ya mwingine, na ukipata tofauti rudia. Tofauti ya 10 unaikuta kwa watu wazima wengi wasio na tatizo. Tofauti ya presha ya juu inayozidi 20 ndiyo ya kukufanya unyanyue simu. Mashine ya kujipima yenyewe ikihangaika kutoa namba upande mmoja, usiseme imeharibika. Chukua ya kusikiliza kwa sikio upime mwenyewe.

Mahali kosa linapoingilia ni padogo mno. Kanula imewekwa mkono wa kulia, basi mkanda wa presha unafungwa kushoto na unabaki huko zamu nzima. Au mkono uliopooza unaachwa kwa sababu umelegea na mgonjwa hawezi kuushikilia. Siku nzima chati inajazwa namba za mkono mmoja.

Na hapa pana tahadhari ya upande wa pili: wagonjwa wengi wenye aota iliyochanika wana mapigo sawa pande zote. Tofauti ukiikuta inakupa sababu ya kukimbia. Usipoikuta haikupi ruhusa ya kutulia.

Maumivu ambayo hakuna anayeyasema

Mtu aliyepoteza lugha hawezi kukuambia kifua kinamuuma. Aliyechanganyikiwa hakumbuki. Aliyepooza kushoto kwa sababu ya ubongo wa kulia anaweza hata asijali kwamba anaumwa. Takriban asilimia 6 ya wagonjwa kwenye rejista ya kimataifa ya aota iliyochanika hawakuwa na maumivu kabisa, na kundi hilo ndilo lenye kuzirai na kiharusi kwa wingi zaidi. Kwa hiyo muulize aliyekuwepo. Usiulize "Alikuwa na maumivu ya kifua?" kwani jibu litakuwa hapana, kila mtu akili yake iko kwenye mkono uliolegea. Uliza hivi:

"Shikamoo mama. Dakika ile kabla hajaanguka, alikuwa anafanya nini? Alishika mahali popote mwilini?"

"Alikuwa ananyanyua ndoo, akasema 'aah', akashika hapa katikati ya mabega. Nikadhani mgongo."

Hilo "nikadhani mgongo" ndilo ulilolitafuta. Maumivu yaliyoanza ghafla, yakafika kileleni papo hapo, yakahama kutoka kifuani kwenda mgongoni au shingoni kwenda tayani, yana uzito hata kama sasa hivi yameisha. Usisubiri mgonjwa atumie neno "kuchanika". Wengi husema ni makali tu, kama kuchomwa kisu. Kilicho cha kuaminika zaidi ni ule ughafla: anaweza kukutajia alikuwa ameshika nini mkononi yalipoanza.

Miguu miwili kufa kwa dakika

Hii ndiyo dalili inayowapeleka wagonjwa wodi isiyo yao. Ugwe mgongo, ile neva nene inayopita ndani ya uti wa mgongo, hulishwa kwa sehemu kubwa na mshipa mmoja unaotoka kwenye aota, mara nyingi upande wa kushoto, kati ya pingili ya 8 ya kifua na ya 1 ya kiuno. Jina lake ni mshipa wa Adamkiewicz. Mpasuko ukiukata, theluthi mbili za mbele za ugwe zinakosa damu. Miguu inalegea ghafla, mkojo unaziba, mgonjwa hasikii pini wala baridi kuanzia kitovuni kwenda chini. Lakini njia za nyuma za ugwe zina mishipa yake mingine. Kwa hiyo ukikunja kidole gumba cha mguu juu au chini akiwa amefumba macho, anakutajia sawasawa, na ukiweka uma wa mtetemo kifundoni, anausikia. Pini hasikii, mtetemo anasikia: hapo umeshajua kwamba tatizo ni mshipa wa mbele wa ugwe, na unapaswa kuuliza mshipa huo umezibwa na nini.

Kwetu miguu miwili ikikataa, akili inakwenda kwenye kifua kikuu cha uti wa mgongo, kichocho cha ugwe, au uvimbe. Sawa, ni magonjwa tuliyo nayo. Ila hayo huchukua siku au wiki. Aota inachukua dakika. Saa ya kuanza ndiyo inayotenganisha, kwa hiyo iandike kwa saa, si kwa neno "leo".

Kisha gusa miguu. Ikiwa ina joto na mapigo ya kinena yako vizuri, tatizo liko kwenye ugwe. Ikiwa ni ya baridi, imepauka, inauma sana na mapigo ya kinena hayapo, huenda ugwe ni mzima na kilichokufa ni neva za miguu yenyewe kwa kukosa damu, kwa sababu pazia limeziba aota pale chini inapogawanyika. Mgonjwa huyu wa pili anaweza kuwa na mguu mmoja tu uliolegea, akapelekwa kwa wa mgongo kama mtu mwenye diski iliyobana neva. Diski haiondoi mapigo ya mguu. Kila anayelalamika ganzi ya mguu ya ghafla aguswe kinena kabla ya kupewa diklofenaki na kuruhusiwa.

Mama mjamzito katika miezi mitatu ya mwisho, au aliyejifungua siku chache zilizopita, yumo kwenye hatari ya aota kuchanika hata kama ni kijana. Aliyefanyiwa upasuaji wa uzazi kwa ganzi ya mgongoni akalalamika miguu haijarudi, mwangalie kwa makini: kama ganzi ilishaisha na miguu ikalegea tena kwa ghafla pamoja na maumivu ya mgongo, ganzi haiwezi kubebeshwa lawama hiyo.

Dalili zinazoonekana ndogo

Kuzirai. Zaidi ya mmoja kati ya kila kumi wenye aota iliyochanika huzirai mwanzoni. Wengine ni kwa sababu damu imeingia kwenye mfuko wa moyo, na hao wako hatarini kuliko wote. Aliyezirai, akaamka, na sasa shingo yake imejaa mishipa iliyotuna huku presha iko chini, mwekee altrasaundi hapo hapo alipo.

Sauti. Neva inayoongoza nyuzi za sauti za kushoto hushuka mpaka kifuani, ikapita chini ya upinde wa aota, ndipo ikapanda tena kwenye koo. Upinde ukivimba, neva inabanwa na sauti inakwaruza. Mtu mwenye maumivu ya kifua ambaye ndugu zake wanasema "sauti hii si yake" anakupa taarifa ambayo hakuna kipimo cha damu kitakachokupa. Usimpe dawa ya koo.

Jicho. Kope moja imeshuka kidogo, mboni ya jicho hilo ni ndogo kuliko ya pili, na nusu hiyo ya uso haitoi jasho: nyuzi za neva zinazopanda na mshipa wa shingo zimebanwa au zimechanika pamoja nao. Tofauti ya mboni huonekana zaidi kwenye mwanga hafifu, kwa hiyo zima taa ya chumba au mfunike kwa kivuli cha mkono, usimulike tochi tu ukaondoka. Wapo pia wanaosema jicho moja lilikuwa giza kwa dakika chache likarudi.

Kusahau. Mtu mzima anauliza "Tuko wapi hapa?", unamjibu, baada ya dakika mbili anauliza tena vilevile. Jina lake analijua, anatembea, anaongea vizuri. Hali hii kwa kawaida hupita yenyewe na haina madhara, lakini imeshaonekana kwa watu wenye aota iliyochanika, na kinachotisha ni kwamba mgonjwa husahau hata maumivu aliyoyapata. Mpime presha mikono miwili kabla ya kumwambia mwanawe kwamba ni uchovu.

Degedege ya kwanza kwa mtu wa miaka 60 asiye na historia ya kifafa, kizunguzungu cha ghafla chenye kuyumba, kuchanganyikiwa bila homa: vyote vinaweza kutokana na ubongo kukosa damu. Pima sukari kwanza, kama kawaida. Sukari ikiwa sawa, rudi kwenye mapigo.

Nani wa kumshuku zaidi

Presha ya kupanda ya miaka mingi, hasa ya aliyeacha dawa, iko kwa wengi wao, takriban watatu kati ya wanne. Kwa walio chini ya miaka 40 tafuta sababu nyingine: vali ya aota yenye vipande viwili badala ya vitatu, ujauzito, kokeini, kaswende ya zamani na magonjwa mengine yanayowasha ukuta wa aota, ndugu wa damu aliyekufa ghafla, na maumbile ya Marfan, ugonjwa wa kurithi wa watu warefu wenye vidole virefu na aota dhaifu. Hili la mwisho unalipima kitandani. Mwambie afunge ngumi na gumba ndani: kipande chote cha gumba chenye ukucha kikitokeza upande wa kidole cha mwisho, weka alama. Mwambie azungushe gumba na kidole cha mwisho kwenye kifundo cha mkono wa pili: vikipandana, weka alama ya pili. Uliza pia kama alimeza siprofloksasini karibuni. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2018 kwamba dawa za kundi hilo zinaweza kuongeza hatari ya aota kuchanika kwa wenye aota dhaifu.

Kabla ya dawa yoyote ya kuyeyusha au kuzuia damu kuganda

Hapa ndipo utambuzi uliokosewa unapogeuka kuwa madhara tuliyoyatia kwa mikono yetu, na ndiyo sababu ya maandishi haya yote. Alteplezi ya kiharusi, miligramu 0.9 kwa kilo, ndani ya saa 4.5, ni dawa nzuri kwa mgonjwa wake. Kwa mwenye aota iliyochanika inafungua njia ya damu kumwagika kwenye mfuko wa moyo. Streptokinezi ya mshtuko wa moyo ni vivyo hivyo: mpasuko ukiufikia mshipa wa kulia wa moyo, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) inaonyesha mshtuko wa moyo wa sehemu ya chini, na mkono unakwenda kwenye kichupa. Enoksaparini na heparini zimo humo. Aspirini 300 na klopidogreli hazimwui palepale, lakini zitamtesa daktari wa upasuaji atakapohitaji damu igande. Kwa hiyo mapigo ya pande nne na presha ya mikono miwili vije kabla ya sindano. Havizidi dakika tano.

Kama hospitali yako ina CT na mgonjwa anapelekwa kupigwa kichwa, usikubali arudi na kichwa peke yake ikiwa una shaka. Mwambie mpiga picha kwa maneno haya: "Naomba aota yote kwa kontrasti, kuanzia shingoni hadi kinenani, awamu ya mishipa." Kanula iwe ya namba 18, mkono wa kulia ikiwezekana, kwa sababu kontrasti nzito (dawa inayong'arisha mishipa kwenye picha) ikiingilia kushoto hupita kwenye mshipa unaokatiza mbele ya upinde na kuleta mistari inayofunika kile hasa unachokitafuta. Kreatinini isikucheleweshe. Kama kontrasti haipo, picha ya CT ya kifua isiyo na kontrasti bado ina kitu: aota inayopanda iliyozidi sentimita 4, alama nyeupe ya umbo la mwezi mwandamo ndani ya ukuta, chokaa ya ukuta iliyosogea kuelekea ndani, maji kwenye mfuko wa moyo. Na pale kinapopigwa kichwa na shingo kwa ajili ya kiharusi, angalia mwenyewe vipande vya chini kabisa vya picha, pale upinde unapoanza kuonekana. Macho ya wote yako juu kwenye ubongo, na pazia liko huku chini.

Altrasaundi unaifanya kitandani. Kifuani kushoto, kando ya mfupa, pima shina la aota. Zaidi ya sentimita 4 ni kubwa. Tazama maji kuzunguka moyo. Panda shingoni na kichwa cha mashine kilichonyooka (linear), fuata mshipa mkuu wa shingo pande zote mbili: wakati mwingine pazia unalikuta likipepea humo kwa uwazi wa kukushangaza. Pazia la kweli husogea lenyewe, halifuati ukuta, na unaliona katika mielekeo miwili. Mwangwi wa uongo hukaa sambamba na ukuta na hupotea ukigeuza kichwa cha mashine. Usipoona kitu, hujaondoa kitu.

Eksirei ya kifua ni msaada mdogo. Katikati ya kifua kukiwa kumepanuka kuna maana, ila mgonjwa aliyepigwa amelala karibu kila mara huonekana amepanuka, na zaidi ya mmoja kati ya kumi wenye ugonjwa huu picha yao ni ya kawaida kabisa. D-dimer, kipimo cha damu cha mabaki ya damu iliyoganda, ikiwa chini ya 500 husaidia kumwondoa mgonjwa mwenye dalili chache tu za hatari. Mwenye maumivu ya ghafla pamoja na kupooza hayumo humo, apigwe picha.

Presha: hapa kiharusi na aota vinagombana

Kwenye kiharusi cha kuziba, kwa asiyepewa alteplezi, tunaiacha presha mpaka 220/120. Kwenye aota tunaishusha: mapigo chini ya 60 kwa dakika, presha ya juu kati ya 100 na 120, ukipima kwenye mkono wenye namba kubwa. Mgonjwa mwenye vyote viwili hana jibu la kitabuni. Punguza maumivu na mapigo ya moyo kwanza, shusha presha kidogo kidogo, na uishie pale ambapo bado anaongea na mkojo bado unatoka, angalau nusu mililita kwa kilo kwa saa. Akianza kulegea au kusinzia unaposhusha, umefika chini mno. Aliyepooza miguu kwa ajili ya ugwe hutaki kabisa presha ianguke. Hapo daktari wa upasuaji aamue namba.

Mofini miligramu 2 hadi 4 kwenye mshipa, rudia kila dakika 5 hadi 10. Maumivu yakirudi baada ya kutulia, chukulia kwamba mpasuko umeendelea. Kisha labetaloli miligramu 20 polepole kwa dakika 2, baada ya dakika 10 miligramu 40, halafu 80, jumla isizidi 300. Duka la dawa likisema haipo, piga simu wodi ya wazazi; wanaiweka kwa ajili ya kifafa cha mimba. Huko huko utapewa hidralazini. Usiichukue. Hidralazini na nifedipini peke yake hushusha presha lakini huuamsha moyo ukapiga haraka na kwa nguvu, na kila pigo ni nyundo kwenye ule ufa. Dawa ya kutuliza moyo itangulie, ya kutanua mishipa ifuate kama bado inahitajika. Mwenye pumu au moyo unaopiga polepole asipewe labetaloli.

Presha ikiwa chini ya 90, hakuna labetaloli. Tafuta maji ya mfuko wa moyo, mpe dripu mililita 250 kwa mara moja huku ukipima, agiza damu angalau chupa 4 zilizolinganishwa. Usikimbilie kuchoma sindano kwenye mfuko wa moyo. Ukiutoa mzigo wote kwa pupa presha inaruka na ufa unafunguka upya. Hiyo ni ya mgonjwa anayekata roho mbele yako, na hata hapo ni kutoa kidogo tu kinachorudisha mapigo.

Simu na barua ya rufaa

Upasuaji wa moyo uko vituo vichache: Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (Dar es Salaam), Kenyatta na Aga Khan (Nairobi), Tenwek (Bomet), Taasisi ya Moyo ya Uganda (Kampala). Piga simu kabla ya kutuma, kwa sababu si kila siku chumba, timu na damu vipo pamoja, na saa nne barabarani kuelekea mlango uliofungwa ni saa nne za mgonjwa. Kupooza kusikufanye useme "huyu ameshachelewa". Wapo waliopelekwa chumba cha upasuaji wakiwa wamelegea upande mmoja wakarudi kutembea, hasa damu iliporudishwa ndani ya saa chache.

Barua iwe fupi: saa dalili ilipoanza, maumivu yalianzia wapi yakahamia wapi na nani aliyesema, presha mkono wa kulia na wa kushoto, mapigo ya kinena, mboni, sauti, nguvu za viungo vinne na kama zilibadilika, mkojo, dawa zote zilizotolewa pamoja na saa zake, na kwa herufi kubwa kama alishapewa aspirini, klopidogreli au heparini. Weka alama ya kalamu ya wino kwenye mkono wenye presha kubwa, uandike PIMA HAPA. Nesi wa kwenye gari la wagonjwa hatapata nafasi ya kusoma faili gari likiwa linaruka kwenye matuta, lakini mkono atauona.